Kutu sio uchafu, ni jembe lenyewe linaisha

Msimu ukiisha utakuta jembe limetupwa nyuma ya nyumba na tope lake, plau limeachwa hukohuko shambani, halafu mvua zikikaribia ndo mtu anahangaika na msasa eti anasafisha. Sikieni jamani, kutu haijatoka mahali ikaja kukaa juu ya chuma, hicho ni chuma chenyewe kimeshageuka kitu kingine. Chuma, maji na oksijeni ya hewani vikikutana inazaliwa oksaidi ya chuma, ndo ule unga mwekundu.

Kunoa ni habari nyingine. Unga unaodondoka kwenye tupa bado ni chuma, ukisogeza sumaku ya spika mbovu unarukia palepale, ila kutu nyekundu iliyosagika haivutwi hivyo. Halafu kilo 1 ya chuma ikiliwa yote inatoa kutu zaidi ya kilo 1.4, maana oksijeni imeingia mle na uzito wake. Ndo maana linaitwa badiliko la kikemikali, hata uanike jembe juani wiki nzima kutu hairudi kuwa chuma. Kuirudisha kunataka tanuru kabisa. Wafipa wa Rukwa zamani walijenga matanuru marefu ya udongo, wakachoma humo mawe yenye chuma, ambayo kikemikali ni ndugu wa kutu, na mkaa ndo uliokuwa unanyang'anya ile oksijeni. Sasa nani atawasha tanuru kwa ajili ya jembe moja?

Kwa hiyo wahi mapema. Ukitoka shamba kwangua tope, osha, kausha (hapa kwenye kukausha ndo wengi wanapuuzia), pakaa mafuta ya kupikia kidogo. Oili chafu ya gari nayo inazuia lakini mimi siipendi, inaishia kwenye udongo unaolima. Kama kutu imeshaanza itoe kwanza na brashi ya waya, kwa sababu ina vitundu vinavyotunza unyevu, na ikibanduka inaacha chuma kipya wazi nacho kinaanza kuliwa.

Stoo ndo balaa lenyewe. Usilaze vifaa juu ya mifuko ya CAN au SA, zile mbolea ni chumvi na zinavuta unyevu, na maji yenye chumvi yanakimbiza kutu vibaya sana, ndo sababu mabati ya Tanga au Kilifi karibu na bahari hayadumu kama ya bara. Ning'iniza jembe ukutani, basi.

Na wa kahawa mnaotumia mrututu, ile dawa ya ukungu yenye shaba, korogeeni kwenye ndoo ya plastiki. Kwenye ndoo ya chuma shaba inatoka kwenye dawa inaganda kwenye ndoo, chuma nacho kinayeyukia kwenye dawa, mwisho dawa inapungua nguvu na ndoo inatoboka.