Tineja na unataka kuanza kukimbia? Soma hii kwanza kabla hujafunga kamba za raba

Wengi wanaoacha kukimbia wiki ya kwanza hawaachi kwa sababu hawana pumzi, wanaacha kwa sababu wanatoka getini kama wanamfukuza mwizi. Dakika mbili hazijaisha mbavu zinachoma, mdomo mkavu, kifua kinapanda na kushuka, basi mtu anarudi nyumbani anasema aah mi kukimbia sio kwangu. Pumzi ulikuwa nayo bwana, ila umeitumia yote kwa mkupuo!

So kitu cha kwanza kabisa ni kupunguza spidi, na nikisema kupunguza namaanisha mpaka uone aibu kidogo. Jipime hivi: ukiwa unakimbia taja kwa sauti jina lako, darasa unalosoma na ulichokula jana usiku, sentensi nzima moja kwa moja. Ukilazimika kukatisha katikati uvute hewa ujue umezidisha, shusha. Mtu anayetembea haraka akikaribia kukupita muache apite, we endelea na mwendo wako.

Haya programu yenyewe. Mara 3 kwa wiki inatosha, na kati ya siku na siku uwe unapumzika, mfano Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Unaanza kwa kutembea haraka haraka dakika 5 mwili upate moto, halafu unakimbia sekunde 60 unatembea sekunde 90, unarudia hivyo hivyo mara 8, inakuja dakika 20. Ukimaliza tembea tena polepole dakika 5 ndo ukae. Wiki ya pili unapandisha, unakimbia sekunde 90 unatembea dakika 2, wiki zinazofuata unaongeza za kukimbia na kupunguza za kutembea mpaka siku moja unajikuta umekimbia dakika 30 hujasimama. Hii sijaitunga mimi, ni mpango wa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kukimbia kilomita 5, ambao Mmarekani Josh Clark aliutoa mwaka 1996 na ni wa wiki 9. Ila hizo 9 zisikutishe, wiki ikikushinda irudie, hata mara mbili, hakuna anayesahihisha. Na kama tayari unacheza mpira au basketi shuleni hesabu na hizo siku, usije ukajikuta unakimbia siku saba halafu unashangaa mbona miguu mizito.

Sasa kuna jambo la umri wako ambalo mipango mingi ya watu wazima haiongelei. Mifupa yako bado inarefuka, na pale misuli inaposhikana na mfupa pana sehemu laini ambayo haijakomaa, mazoezi yakizidi ghafla inavutwa na kuuma. Kwa matineja wengi inauma chini kidogo ya goti, pale penye kinundu, wengine nyuma ya kisigino. Moyo na mapafu yanazoea mapema ila mifupa na kano zinachukua muda mrefu zaidi, ndo maana wiki ya tatu unajisikia unaweza kukimbia hata saa nzima na ndo hapo hapo watu wanaumia. Kuuma kwa misuli ya mapaja yote mawili kesho yake ni kawaida, siku mbili tatu imeisha. Lakini ukiweza kuonyesha kwa kidole kimoja "ni hapa", mguu mmoja tu, ukibonyeza unaruka, au umeanza kuchechemea, simamisha mazoezi, na isipopoa ndani ya wiki nenda ukaonwe na daktari. Maumivu ya kifua au kizunguzungu cha kutaka kuanguka ukiwa unakimbia hayo hayasubiri wiki, acha palepale, mwambie mzazi. Mwenye pumu aongee na daktari wake kabla ya kuanza na inhela iwe mfukoni, sio nyumbani.

Vifaa usihangaike sana. Raba za kukimbia zenye soli inayonyumbulika, sio njumu, sio zile bapa za kupigia picha. Zijaribu jioni ukiwa umevaa soksi, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kila baada ya miezi michache angalia tena maana mguu bado unakua. Wasichana sidiria ya michezo inayobana vizuri inasaidia kuliko mnavyofikiri. Hedhi sio sababu ya kuacha kukimbia kama unajisikia vizuri, ila ikikata miezi mitatu hivi tangu uanze mazoezi hiyo mara nyingi ni dalili huli vya kutosha, mwambie mtu mzima na muende hospitali.

Na hapo kwenye kula nisisitize, usianze kukimbia huku unajinyima chakula eti upungue haraka. Unakua na unakimbia, vyote viwili vinahitaji chakula. Usingizi masaa 8 mpaka 10, najua simu ipo, weka mbali.

Kichomi cha ubavuni kikikushika tembea, toa hewa yote nje taratibu huku umebonyeza pale panapouma, kikiachia endelea.

Barabarani kimbia ukitazamana na magari yanayokuja, sikio moja liwe wazi kama unasikiliza muziki, na nyumbani wajue umepita njia gani na unarudi saa ngapi.

Ukifika dakika 30 inawezekana hujafika kilomita 5, wengi hawafiki na haina shida. Kaa na hizo dakika 30 wiki kadhaa, halafu chagua siku moja tu ya wiki uongeze dakika 5, spidi iache kama ilivyo kwanza.