Kabla Mtoto wa Mbwa Hajaingia Getini

Anza na umri. Wauzaji wa kando ya barabara humtoa mtoto wa mbwa akiwa na wiki 5 kwa sababu ameshaanza kula uji, lakini usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Katika wiki hizo 3 za katikati, anapocheza na ndugu zake, hujifunza kwamba ukiuma kwa nguvu mwenzako hulia na mchezo unakwisha. Aliyekosa somo hilo huja kuuma watoto wa nyumbani kwa nguvu zake zote, naye hajui amekosea wapi.

Kabla ya kulipa, ongea na daktari wa mifugo na mumpangie mtoto huyo tarehe za chanjo. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Dawa ya minyoo ni kila wiki 2 hadi wiki ya 12. Kichaa cha mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi yake uitunze. Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mpango wa Kenya wa 2014 wa kutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, kwa hiyo huko hakuna udhuru wa kutojua.

Uliza pia kama kuna mbwa aliyewahi kuhara damu na kufa katika boma lenu. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo wenye kivuli hata mwaka mzima. Sakafu ya saruji inasafishika: isugue kwa sabuni kwanza, halafu mwagia jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Kama mbwa alifia hapo juzijuzi, ni heri kusubiri.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kati ya wiki ya 3 na kama ya 14, ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea kila kigeni kama jambo la kawaida; baada ya hapo, kigeni humtisha. Chanjo nazo hazijakamilika hadi wiki ya 16. Ukimfungia mpaka zikamilike, utapata mbwa mwenye afya anayebwekea kila mwenye helmeti. Basi mbebe. Mpeleke mikononi hadi karibu na steji ya Kondele, Kisumu, au sokoni Nakuru, dakika 10 tu, bila kumkanyagisha chini. Aone bodaboda, miavuli, gambuti, watoto wenye sare, asikie honi za matatu, huku ukimpa vipande vidogo vya nyama. Akianza kutetemeka, sogea mbali, usimlazimishe. Kuku na mbuzi wa nyumbani aonyeshwe akiwa kwenye kamba, apewe nyama kila anapowapa kisogo.

Watu wa nyumbani wakubaliane maneno mapema. Baba akiita "njoo", nyanya akisema "bi" (njoo kwa Kijaluo) na watoto wakipiga mluzi, mbwa hana neno la kushika. Dada wa kazi na askari wa usiku wawemo katika makubaliano hayo, maana ndio wanaoshinda naye. Na asiitwe kamwe ili achapwe: ataacha kuja.

Kujisaidia ni kazi ya ratiba. Mtoe nje kila akiamka, akimaliza kula na baada ya kucheza, na mchana kila saa 1 au 2; usiku tegemea kuamka mara moja au mbili. Umsifu palepale nje, si mkisharudi ndani. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kujificha tu.

Chakula ni mara 4 kwa siku hadi miezi 3. Ugali na omena iliyochemshwa bila chumvi husaidia, ila havitoshi peke yake kwa anayekua. Ongeza yai au chakula maalumu cha watoto wa mbwa kutoka agroveti. Mahindi yenye ukungu ambayo watu wameyakataa asipewe: sumu yake huua ini. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana.

Banda la Nakuru liinuliwe kutoka chini na liwe na gunia kavu, kwani usiku ni baridi; la Kisumu linahitaji kivuli na maji kuliko kuta. Mnyororo usinunue. Mbwa anayekulia kwenye mnyororo hawezi kukimbia anachokiogopa, hivyo hujifunza kukirukia.

Mlete asubuhi, siku ambayo kuna mtu wa kushinda naye, pamoja na kitambaa alicholalia mama yake. Usiku wa kwanza kitambaa hicho kiwe ndani ya sanduku lake, karibu na kitanda cha mtu.