Jinsi ya kumsoma gavana wa Benki Kuu kabla hujaweka pesa kwa bondi

Bondi ni mkopo unaoipa serikali, nayo inakulipa riba mpaka siku ya kukurudishia pesa yako. Kwanza mjue gavana katoka wapi. Kamau Thugge wa Benki Kuu ya Kenya, kabla ya kushika kiti 2023, alikuwa amefanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na akawa katibu mkuu wa Hazina, kwa hivyo huyu mtu madeni ya serikali anayajua ndani nje.

Pili fuata kikao cha kamati ya sera ya fedha, ile inayopanga riba ya Benki Kuu, huwa kama kila miezi miwili. Usiishie kwa kichwa cha habari, shuka mpaka sababu: wanaongelea bei ya unga na mafuta, ama wanaongelea shilingi? Desemba 2023 walipandisha riba kutoka 10.5% hadi 12.5% kwa mpigo, shilingi ilikuwa inateleza vibaya, halafu Februari 2024 wakaongeza ikafika 13%, na mwezi huohuo bondi ya miundombinu ikatoka kwa 18.46%, bila kodi! Aliyekuwa amesoma Desemba alikuwa ashajipanga.

Sasa hapa ndipo watu huumia, tafadhali shika hii: riba zikipanda, bondi ya zamani inashuka bei, maana nani atanunua yako ya 13% bei kamili na kuna mpya ya 18%? Ukiishikilia mpaka iive, yaani muda wake uishe, unarudishiwa pesa yako yote, ukiuza mapema unakula hasara. Riba zikianza kushuka, kama Agosti 2024 ile ya Benki Kuu iliposhuka hadi 12.75%, mambo yanageuka, mwenye ile ya 18.46% ndiye anabembelezwa auze.