Soma boriti kwanza, kibao baadaye: kutembelea nyumba kongwe za Massachusetts

Mwaka juzi mteja mmoja aliniita nimtengenezee baraza la nyuma lililooza. Ukutani kwa mbele palikuwa na kibao cheupe kilichoandikwa 1710, na mwenyewe alinionyesha kibao hicho kama mtu anayeonyesha shahada ya mwanawe. Nikaingia chini ya sakafu na tochi. Boriti zote nilizoziona zilikuwa na mikwaruzo ya kupinda, upinde baada ya upinde, kama mwezi mchanga uliochorwa mara mia. Hiyo ni kazi ya msumeno wa duara, na msumeno wa duara haukuzoeleka kwenye viwanda vya mbao vya huku mpaka karne ya 19. Labda upande mwingine wa nyumba ni wa 1710 kweli. Sakafu ile, hapana. Nilipanda juu, nikamaliza baraza, nikalipwa, nikanyamaza.

Mimi ni seremala. Nimezaliwa Pangani, ufundi nimeupata kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza majahazi, na sasa naishi Lynn, kaskazini kidogo ya Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani. Jamaa wakija kutembea huniuliza niwapeleke wapi. Maduka watayaona wenyewe. Mimi huwapeleka kwenye nyumba za mbao za miaka ya 1600, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Ukiambiwa jengo ni kongwe kuliko yote, uliza: kongwe ya nini, na ya wapi? Boston peke yake itakuchanganya. Watalii hupanga foleni kwenye nyumba ya Paul Revere, mfua fedha shujaa wa vita vya uhuru wa Marekani, ya mnamo 1680, wakiambiwa ndiyo kongwe katikati ya jiji, na ni kweli. Lakini Dorchester kuna nyumba ya James Blake ya 1661. Basi kwa nini isitajwe hiyo kwanza? Kwa sababu Dorchester ulikuwa mji wa peke yake mpaka 1870, ulipounganishwa na Boston. Juu ya hayo, nyumba ya Blake haipo pale ilipojengwa. Mwishoni mwa karne ya 19 iliinuliwa mzimamzima ikahamishiwa kwenye kiwanja kingine. Na ukipanda mtaa wa Beacon Hill, Boston hiyo hiyo, utakuta African Meeting House ya 1806, jengo la kanisa la watu Weusi lililo kongwe kuliko yote yaliyobaki Marekani. Wote hao wamesema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake.

Jambo la pili ni mwaka wenyewe: umejulikanaje? Hadithi za ukoo hupenda kurudi nyuma. Mti hauna ukoo. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka ukiwa mwema, nyembamba mwaka wa shida, na mpangilio huo wa pana na nyembamba kwa miaka mingi haujirudii. Wataalamu hutoboa boriti kwa keekee yenye mdomo wazi, wakatoa kijiti chembamba, wakakilinganisha na orodha ya pete za mialoni ya eneo lile. Wanachokitafuta hasa ni pete ya mwisho, ile iliyogusa gome. Fundi akiwa amechonga mpaka ndani, pete za nje zimekwenda na vibanzi, na mwaka hasa haupatikani. Kwa hiyo ukiingia kwenye nyumba hizi angalia kona za boriti, usiangalie uso wake uliolainishwa. Kwenye kona ndiko mafundi walikoacha gome kwa uvivu, na uvivu ule leo una thamani kuliko ufundi wao.

Utauliza, mti kukatwa si nyumba kujengwa, wangeweza kuuweka ukauke miaka kumi? Hawakuuweka. Mwaloni mkavu unavunja moyo wa patasi. Waliuchonga ungali mbichi, na kwa kawaida nyumba ilisimama mwaka ule ule au uliofuata.

Sasa twende Dedham. Nyumba ya Jonathan Fairbanks iko kusini-magharibi mwa Boston; unapanda treni ya Franklin, unashuka Endicott, unatembea. Zamani ilisemwa ni ya 1636. Pete za mbao zikasema kati ya 1637 na 1641, na hata hivyo haikupoteza cheo chake: ndiyo nyumba ya fremu ya mbao iliyo kongwe kuliko zote zilizosimama Amerika Kaskazini. Ukoo mmoja uliishi humo vizazi vinane, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Safari yangu ya kwanza nilikwenda Februari, theluji hadi magotini, nikakuta mlango umefungwa. Nyumba hizi nyingi hazifunguliwi majira ya baridi, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi. Safari ya pili niliingia, na hatua ya kwanza nikajigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu. Inama. Inama tena ukitoka.

Humo ndani simama katikati ya chumba, mgongo uelekee dohani. Dohani ndiyo moyo wa nyumba: moja kubwa katikati, chumba huku na chumba huku, na vingine viwili juu. Mabawa unayoyaona nje yameongezwa baadaye, usiyahesabu. Kisha tazama juu. Kuna boriti moja nene inayovuka chumba, na boriti ndogo zimelala juu yake. Sisi wa pwani, nyumba zetu za mawe zilipimwa na boriti ya mkoko: mkoko ukiishia hatua nne, chumba kinaishia hapo, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hawa walikuwa na mwaloni, wakaweza kufanya chumba cha mraba. Kila nikisimama pale nawaonea wivu.

Salem, mji wa bandari kaskazini ya Boston, ndiko ninakokaa muda mrefu, na treni yake kutoka North Station ni kama nusu saa. Wengi hukimbilia habari za kesi za 1692, watu waliposhtakiwa uchawi. Wewe tafuta nyumba ya Gedney, ya 1665. Hufunguliwa kwa nadra, na kwa macho ya mtu wa kawaida haina kitu: hamna kiti, hamna kitanda. Miaka ya 1960 aliyekuwa akiigeuza nyumba za kupanga alibomoa lipu na mbao za ndani, shirika la uhifadhi likaiokoa likaiacha hivyo hivyo, mifupa nje. Kwa fundi ni kama kuingia chumba cha upasuaji. Na aliyejengewa, Eleazer Gedney, alikuwa muunda meli.

Tazama viungo. Mwisho wa boriti umechongwa ulimi, ulimi umeingia kwenye tundu la nguzo, kigingi cha mti kimepita katikati. Siri ni kwamba mafundi wa zamani walitoboa tundu la kigingi kwenye ulimi likapishana kidogo na lile la kwenye nguzo. Kigingi kikigongwa kinapinda kidogo na kuvuta ulimi ndani, na mti mbichi ukikauka unazidi kukibana. Gundi ya nini? Tafuta pia mistari ya patasi karibu na kiungo: I, II, III. Ni namba. Fremu ilichongwa ikiwa imelazwa chini, kila ulimi ukapimwa kwa tundu lake tu, kwa hiyo siku ya kusimamisha ilibidi kujua nani anamuoa nani.

Alama za zana nazo zikumbuke. Vijishimo vipana ni vya shoka na tezo. Mikwaruzo iliyonyooka juu-chini ni msumeno wa kinu cha maji. Ya kupinda, umeshaijua. Msumari wenye kichwa cha kugongwagongwa umefuliwa kwa mkono. Wenye mwili bapa ni wa mashine, kuanzia mnamo 1790 na kitu. Wa mviringo kama tulionao dukani ni wa juzi tu, mwisho wa karne ya 19.

Kabla hujaondoka Salem shuka hadi bandarini. Pale iko nyumba ya nahodha John Turner, ya 1668, maarufu kwa paa zake saba. Jua tu kwamba baadhi ya paa hizo zilikuwa zimeondolewa, zikarudishwa Caroline Emmerton alipoikarabati na kuifungua kwa umma 1910. Mimi huitazama kwa sababu nyingine. Sayyid Said alitia saini mkataba na Edmund Roberts wa Marekani 1833, na 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akafika Unguja: Richard Waters, mtu wa Salem. Sandarusi na pembe zetu zikaletwa hapa, kitambaa cha merikani kikaja kwetu. Sandarusi ile ilipokuwa ikishushwa, nyumba hii ilikuwa na zaidi ya miaka 150.

Weka Hingham, mji wa kusini ya Boston, mwisho, siku ya Jumapili, kwa sababu Old Ship Church ya 1681 bado inasaliwa. Ni jengo pekee la ibada la Wapuritani, Waprotestanti wakali kutoka Uingereza, la karne ya 17 lililobaki nchini. Vaa nguo za heshima, kaa nyuma, na wakisimama kuimba inua macho: mbao za paa zimepinda zikakutana juu kama mataruma ya jahazi lililopinduliwa. Mara yangu ya kwanza mama mmoja mzee aliniona nimekodoa macho akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta mkuku.