Kufunga sensa ya vikwazo kwenye fimbo nyeupe

Fimbo nyeupe ya asiyeona yenyewe inagusa vya chini: mtaro usio na kifuniko, ukingo wa barabara, jiwe. Inachokikosa ni kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, au ncha ya bati la kibanda iliyo usawa wa uso, na Kariakoo hivyo vimejaa. Kwa hiyo sensa itazame juu. Ukiielekeza chini itapima lami kutwa nzima.

1. Vifaa. Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuendesha saketi), sensa ya HC-SR04 (hupima umbali kwa mwangwi wa sauti), mota bapa ya mtetemo ya 3V, transista 2N2222, dayodi 1N4007, rezista ya 1kΩ na betri 4 za AA za kuchaji (jumla 4.8V). Betri za kawaida za 1.5V usiziunge kwenye pini ya 5V ya Arduino. Nne zikiwa mpya zinapita 6V. Pawabenki achana nayo: nyingi hujizima, maana saketi hii inavuta umeme kidogo mno.

2. Kuunga. Pini ya Trig ya sensa (inayotuma sauti) iende pini D9 ya Arduino, Echo (inayopokea mwangwi) iende D10. Kutoka D3 pitisha rezista hadi besi ya transista. Emita kwenye GND (hasi). Mota ikae kati ya kolekta na 5V, dayodi sambamba nayo, mstari wake upande wa 5V. Nyaya za mota ni kama unywele na hukatikia shinani. Zidondoshee gundi ya moto kabla hujalehemu.

3. Programu. Tuma mpigo wa maikrosekunde 10 kwenye Trig, pima Echo kwa pulseIn (amri ya Arduino inayopima urefu wa mpigo) yenye kikomo cha maikrosekunde 12000 (kama mita 2), gawanya jibu kwa 58 upate sentimita. Rudia kila milisekunde 60. Wengi hukwama hapa: mwangwi usiporudi, pulseIn inatoa 0, na mota inanguruma kwenye uwanja mtupu kana kwamba ukuta uko puani. Ipuuze 0. Chini ya sentimita 120 itetemeke kwa vipindi, chini ya 60 mfululizo. analogWrite (amri ya kuweka nguvu ya mota, 0 hadi 255) isizidi 150, la sivyo mota inaweza kuungua.

4. Kufunga. Mwenye fimbo aishike kama anavyotembea, ndipo ufunge sensa usawa wa kiuno, ikiinuka nyuzi 30. Mota ikae chini ya kidole chake cha shahada.

5. Kujaribu. Anza na ukuta, kisha kanga iliyoanikwa. Kanga huenda isisikike kabisa, kwa kuwa kitambaa humeza sauti. Ukuta ukiujia kimshazari nao hurusha mwangwi pembeni. Mtumiaji ayajue haya kabla hajatoka nyumbani.

Masika ikikaribia, badili sensa uweke JSN-SR04T isiyoingia maji. Haipimi vizuri chini ya sentimita 20 hivi, ila kwa kazi hii haina neno.