Kuvua Besi Kando ya Mafunjo Upepo Ukivuma Ziwa Naivasha

Asubuhi Naivasha huwa shwari. Upepo huamka baada ya adhuhuri. Hapo wavuvi wengi hujificha nyuma ya mafunjo, ilhali besi, yaani samaki wawindaji tunaowatafuta, wamehamia upande wa pili. Mawimbi husukuma vijidudu na samaki wadogo hadi ukingo unaopigwa, maji huchafuka kidogo, mwanga hupungua, na besi husogea kuvizia karibu zaidi na mimea.

Usivue ukingo uliopigwa uso kwa uso kwa saa nyingi. Maji yakifanana na chai ya maziwa, chambo hakionekani. Bora kona ya mafunjo inayopitiwa na upepo kwa mshazari.

Kamba wekundu wa maji baridi walioletwa ziwani mwaka 1970 wameitafuna sana mimea ya chini ya maji, kwa hiyo ukingo wa kuvua hapa ni wa mafunjo na magugu maji yanayoelea. Magugu hayo huhama na upepo. Ukingo uliovua asubuhi huenda jioni haupo. Ila besi wakubwa huwala sana kamba hao, basi beba chambo cha plastiki cha rangi nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia.

Tia nanga upande unakotoka upepo, boti isimame mita 15 hadi 20 kutoka ukingoni. Kwenye kina cha mita 3, achia kamba ya nanga isiyopungua mita 15. Ikiwa fupi, nanga itaburuta. Ifunge omo, yaani mbele ya boti. Ukiifunga tezi, yaani nyuma, mawimbi yatamwagika ndani.

Siku ya utulivu chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, la gramu 7 latosha. Kwenye upepo weka la gramu 14, lenye ncha, na ulibane kwa kipande cha kijiti cha meno ili lisiachane na ndoano ndani ya mafunjo. Ndoano iwe ya saizi 3/0 au 4/0, ncha imefichwa kwenye plastiki. Mshipi uwe wa kusuka, wenye nguvu ya ratili 30 hadi 50.

Rusha chini chini, sambamba na ukingo kadiri uwezavyo, chambo kipite mahali pa samaki kwa muda mrefu. Kikigusa maji tu, shusha ncha ya fimbo karibu na uso wa maji na uvute mshipi uliolegea. Hapa ndipo wengi hukosea: upepo huupinda mshipi, samaki anauma na kutema bila wewe kuhisi. Tazama mshipi ukienda kando, au chambo kikipoteza uzito ghafla. Kusanya ulegevu kwanza, kisha vuta fimbo kwa nguvu ndoano imshike, na umtoe mafunjoni papo hapo.

Viboko hujibanza humo humo. Ukimsikia akipumua karibu, ng'oa nanga. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na povu jeupe likianza kutokea juu ya mawimbi, boti ndogo irudi kabla magugu hayajaziba njia na kujisokota kwenye propela.