Namna ya Kuishi na Kompyuta Mpakato Inayofunguka: Mwongozo kwa Mwenye Framework Laptop 13

Anayenunua Framework Laptop 13 hulipia haki ambayo kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hazimpi, nayo ni haki ya kuifungua mwenyewe, kutoa kilichoharibika na kuweka kingine, bila kupambana na gundi wala skrubu zilizofichwa chini ya vibandiko. Kampuni inayoitengeneza ina makao yake San Francisco, ilianzishwa na Nirav Patel, na ilianza kuwafikishia wateja mashine hii mwaka 2021. Tangu hapo imetoa ubao mama mpya (bamba kuu linalobeba prosesa na kuunganisha vipande vingine vyote) karibu kila mwaka, na kila mmoja huingia katika kasha lile lile la mwanzo, kuanzia ule wa prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 hadi AMD Ryzen 7040 ya mwaka 2023 na Ryzen AI 300 ya mwaka 2025. Mwongozo huu unamlenga hasa mtu anayeitumia kwa kazi za kila siku akiwa mbali na vipuri, yaani yule ambaye mashine ilimfikia katika begi la ndugu anayetoka Ulaya au Marekani, na kipuri chake cha pili kitakuja kwa njia hiyo hiyo.

Ifungue ikiwa bado nzima

Kosa la kwanza la wenye mashine hii ni kuiogopa. Wameinunua kwa sababu inafunguka, kisha wanaikalia miaka miwili bila kuigusa, na siku inapogoma ndipo wanapotafuta bisibisi usiku huku kazi ikitakiwa asubuhi. Katika wiki ya kwanza, tenga saa moja ya mchana, kaa mahali penye mwanga, uifungue na kuifunga mara mbili bila kubadilisha chochote. Ukishafanya hivyo, mikono itakuwa imejua njia.

Izime kabisa, maana kuilaza usingizi (sleep) hakutoshi, kisha uchomoe chaja na kuigeuza kifudifudi juu ya kitambaa kisicho na nyuzi. Bisibisi huja pamoja na mashine: upande mmoja una ncha ya nyota yenye pembe sita, ya kipimo cha T5, na mpini wake una ncha bapa ya kubandulia. Skrubu za chini ni tano, na zikilegea hubaki katika nafasi zake bila kudondoka, kwa hiyo huhitaji kisahani cha kuziwekea. Igeuze tena, ufungue kioo, kisha uinue kifuniko chenye kibodi, ambacho baada ya kulegeza skrubu hushikiliwa na sumaku tu. Hapa ndipo pa kutulia. Chini ya kifuniko kuna waya bapa mfupi unaokiunganisha na ubao mama, na mtu akikinyanyua kwa pupa huweza kuukata. Kiinue kidogo, ushike kishikio cha kiunganishi na kukivuta moja kwa moja kwenda juu.

Ndani utakuta kila kipande kimeandikwa jina lake, na karibu yake kuna msimbo wa QR unaompeleka mtu kwenye maelezo ya kukibadilisha. Huo ni mpango wa busara, lakini unategemea intaneti. Pakua maelezo ya vipande vikuu mapema, uyahifadhi katika simu, kwa sababu siku utakayoyahitaji huenda kompyuta pekee uliyo nayo ndiyo iliyolala mezani ikiwa wazi. Piga pia picha ya mpangilio wa ndani. Kabla ya kugusa kipande chochote, chomoa kiunganishi cha betri, kisha shika kitu cha chuma ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Sakafu ya saruji au vigae ni salama kuliko zulia.

Ikiwa ulichukua toleo lisilo na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine inapofanya kazi) wala diski ili ujitafutie mwenyewe, hakikisha aina kabla ya kulipa. Mbao za Intel za kizazi cha 11 hadi cha 13 hutumia DDR4, ilhali za Ryzen 7040 na Core Ultra ya Intel hutumia DDR5, aina mpya zaidi ya RAM, na moja haiingii mahali pa nyingine. Kipande cha RAM huingizwa kimeinama, kisha hubonyezwa hadi vibanio vya pembeni vilie. Baada ya hapo, hasa kwa DDR5, mashine ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa na kioo cheusi huku ikiipima kumbukumbu mpya. Wengi huizima katika hatua hiyo wakidhani wameharibu kitu, kisha huanza kufungua upya. Washa, ukapike chai, urudi.

Milango na nafasi zake

Pembeni mwa mashine kuna matundu manne, mawili kila upande, na katika kila tundu huingia kadi ndogo yenye mlango mmoja: USB-C, USB-A, HDMI, DisplayPort, kadi ya kumbukumbu au waya wa mtandao. Mtu mgeni hununua za kila aina, akaishia kuzipoteza kwenye droo. Kwa kazi za ofisi, USB-C mbili, USB-A moja na HDMI moja zinatosha mwaka mzima, na nyingine ziongezwe pale tu kazi inapozidai.

Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba matundu hayo hayalingani. Katika ubao wa Ryzen 7040, matundu mawili ya nyuma, yaliyo karibu na bawaba, ndiyo yenye USB4, aina ya USB yenye kasi zaidi, na tundu la mbele kulia halitoi picha. Mtu akiweka HDMI hapo atalaumu projekta, atalaumu waya, atamlaumu hata aliyepanga mkutano, wakati kadi ingehamishiwa upande wa pili mambo yakaisha. Katika ubao huo huo, kadi ya USB-A ikikaa nyuma hula umeme zaidi kuliko ikikaa mbele. Kwa hiyo mpango wenye busara ni USB-C mbili nyuma, HDMI mbele kushoto na USB-A mbele kulia. Mwenye ubao wa aina nyingine asome jedwali la ubao wake.

Faida kubwa ya kadi hizi haimo katika kubadilisha milango kila siku, bali katika kuchakaa kwake. Mlango wa chaji ndicho kitu kinachokufa mapema katika kompyuta nyingi, kwa kuwa huchomekwa na kuchomolewa kila siku, na waya hukwazwa na watoto na viti. Katika kompyuta ya kawaida mlango huo umechomelewa kwenye ubao mama, na fundi atadai kuuchomelea upya. Hapa kinachochakaa ni kadi ya dola chache unayoichomoa kwa kidole, na kwa muda huo unaweza kuchajia upande wa pili.

Betri na umeme wa kukatikakatika

Betri za mashine hizi ni za Wh (wati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 55 katika toleo la awali na Wh 61 katika zilizofuata. Si kubwa, na mtu asitarajie kushinda nazo kutwa nzima bila chaja. Ukibonyeza F2 mara tu unapoiwasha mashine, utaingia katika BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine, na humo unaweza kuweka kikomo cha chaji. Anayefanyia kazi mezani, chaja ikiwa imechomekwa muda wote, aweke asilimia 80, kwa maana betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa imejaa pomoni. Hata hivyo, kwa mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, ushauri huo una gharama: moja ya tano ya muda wako wa kufanya kazi gizani imeondoka. Maoni yangu ni kuweka 80 katika miezi ya utulivu na kurudisha 100 msimu wa mgawo, kwani betri inabadilishika na siku ya kazi iliyopotea hairudi. Umeme unaporudi kwa kishindo, kinga ya chaja ni muhimu kuliko kikomo chochote, kwa hiyo usichomeke chaja ukutani moja kwa moja bila kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme.

Mashine za Intel zimelalamikiwa kwa kula betri zikiwa zimelazwa, na kadi za mwanzo za HDMI na DisplayPort ziliongeza tatizo hilo hata bila kuunganishwa na kioo. Dawa ni kuzichomoa kadi hizo unaposafiri na kuiagiza mashine iingie katika usingizi mzito, ule unaohifadhi kazi kwenye diski na kuzima kila kitu, badala ya usingizi mwepesi. Mwenye ubao wa kizazi cha 11 ana jambo la ziada: betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao wake hujichaji, na mashine ikiachwa wiki nyingi bila umeme inaweza kukataa kuwaka kabisa. Iache kwenye chaja siku nzima kabla ya kutangaza msiba.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Kila baada ya miezi sita fungua, ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha upulize vumbi na kulipiga brashi laini. Anayeishi karibu na bahari afanye hivyo mara nyingi zaidi, na asiweke meza yake chini ya dirisha linalopokea upepo wa chumvi.

Akiba ya vipuri

Kwa aliye mbali na duka, swali ni kipi kiwe ndani ya nyumba kabla hakijahitajika. Kadi moja ya ziada ya USB-C na chaja ya pili ni lazima. Anayeishi kwa kuandika aongeze kifuniko kizima cha kibodi, kwa kuwa hubadilishwa kwa skrubu zile zile tano na waya mmoja, ilhali kubadilisha kibodi peke yake hutaka kufungua skrubu nyingi ndogo mno na subira ya fundi saa. Kioo hakina haja ya kuwekewa akiba, ingawa kukibadilisha ni kazi nyepesi na fremu yake imeshikwa kwa sumaku.

Betri usiihifadhi, maana huzeeka hata ikiwa kabatini. Iagize uwezo wa ile ya zamani unapoanza kushuka dhahiri, na umweleze mapema ndugu atakayeileta kwamba betri ya akiba ya lithiamu husafiri katika mzigo wa mkononi, viunganishi vikiwa vimefunikwa, na kamwe haiwekwi katika begi linalopakiwa chini ya ndege. Kwa kuwa iko chini ya Wh 100, kwa kawaida haihitaji kibali cha shirika la ndege.

Aliyeona gharama hizi zinamzidi asidhani mlango umefungwa. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo hupatikana kwa wauzaji wa mashine zilizotumika, ina betri ya nje inayochomolewa bila bisibisi na nafasi mbili za RAM, na karibu yote niliyosema kuhusu vumbi, umeme na mazoezi ya kuifungua yanaihusu. Kinachokosekana ni kuruka kwenda ubao mpya.

Siku ya kubadilisha ubao mama

Prosesa imechomelewa kwenye ubao, hivyo anayetaka kasi mpya hubadilisha ubao mzima, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Piga hesabu ya vinavyovutwa nao. Kutoka Intel ya DDR4 kwenda AMD kunadai RAM mpya, na kadi ya Wi-Fi ya Intel AX211 haifanyi kazi katika AMD, ilhali AX210 hufanya. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, nakili kazi zako kwenye diski nyingine na uandike karatasini ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski, kwa sababu Windows ikikuta ubao mgeni itauomba, na asiyekuwa nao atabaki nje ya mafaili yake mwenyewe. Mtumiaji wa Linux aliyefunga diski kwa nenosiri ataombwa nenosiri lile lile kama kawaida.

Ubao uliotolewa usiutupe. Unaweza kufanya kazi bila betri wala kibodi, ukipata umeme kupitia USB-C, mradi uiwezeshe hali hiyo katika BIOS ukiwa bado ndani ya mashine, na yapo makasha ya kuutia, likiwamo la Cooler Master. Ofisi ndogo inaweza kuufanya ghala la mafaili: uweke RAM ya zamani na diski, uusimamishe penye hewa karibu na kisambaza mtandao, na uuchomeke kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) ile ile inayolisha kisambaza mtandao hicho.